Somo la Mafua Siku ya Wazazi

Jamani, leo nimefedheheka. Kweupe, mbele ya wazazi wa shule nzima.

Mnajua mimi ni mwalimu wa muda hapa Matsangoni. Wiki hizi mafua yametuvamia. Darasa la tatu wanapiga chafya kwa zamu. Nikatunga kanuni: mwenye mafua akae nyumbani. Nikabuni na fomu yake ya ruhusa, mistari kwa rula (nne nilizichana, hazikunyooka). Mwalimu mkuu, Bi Zuhura, akaipenda. "Siku ya Wazazi utupe somo la afya," akaniambia. "Likienda vizuri, chama cha afya ni chako."

Chama cha afya! Tangu siku hiyo sizungumzi jingine.

Somo lenyewe nimejifundisha kwenye simu. Unampaka mtoto mmoja unga wa manjano kiganjani, anasalimiana na wenzake, nao na wenzao, kisha wote wanainua mikono na wazazi wanaona mafua yanavyosafiri. Nimelifanyia mazoezi mara kumi na moja, mbele ya mama na kuku wake.

Asubuhi nikaamka na mafua.

(Ndiyo. Mimi. Msinisute bado.) Nikajiambia ni vumbi tu. Nikatia vitambaa viwili mfukoni: cha kulia cha kamasi, cha kushoto kimefungwa manjano. Mpango safi kabisa.

Wageni wakafika mapema. Nilikusudia kuwasalimu kwa mkono kifuani, bila kushikana. Lakini mwenyekiti wa wazazi, Mzee Athmani, kanzu nyeupe pe, akaninyooshea mkono. Utauacha ukining'inia? "Shikamoo, babu." Nikaupokea, nikaubusu. Baada yake safu nzima ikataka haki yake. Kati ya mkono na mkono napenga kamasi mbiombio, nachomoa kitambaa chochote kinachotangulia.

Watu wakawa wananitazama usoni na kutabasamu. Nami nikatabasamu. (Nilidhani wameshanikubali.)

Zamu yangu ikafika. Nikashika maikrofoni, nikaeleza kwamba mafua hayaonekani, na muungwana akiugua hukaa kwake. Nikamwita Kadzo wa darasa la tatu nimpake manjano.

"Mwalimu," akasema, "mbona wageni washapakwa?"

"Wageni gani?"

Mzee Athmani akatazama kiganja chake. Manjano. Akatazama goti la kanzu. Manjano. Bi Mwanajuma, mpishi wetu, akageuza pindo la leso yake. Manjano. Watoto wakachangamka, kumbe somo limeanza!

"Babu, ulisalimiana na nani?" Kadzo akauliza.

"Na mwalimu."

"Na wewe, bibi?"

"Na mwalimu."

Vidole vyote vikanielekea. Nikafungua kamera ya simu nijione. Pua nzima! Na masharubu mawili hadi mashavuni.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mwanangu," akasema Bi Mwanajuma, "mimi nilidhani umepaka liwa ujipambe. Nikasema, huenda leo waja kuposwa."

Hapo hapo nikapiga chafya. Ndani ya maikrofoni.

Uwanja ukalipuka. Mzee Athmani alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai. Kisha akainua kile kiganja chake juu. "Leteni sabuni! Mimi nimeshaelewa, na sina haja ya mafua ya huyu." Foleni ya mferejini ikazunguka darasa zima, wazazi wakisugua vidole kama watoto. Hilo hata mazoezi kumi na moja yasingelifanya.

Bi Zuhura akanivuta kando. Nikajua ajira ndiyo ile yaenda.

"Chama cha afya ni chako," akasema. "Somo hili hakuna atakayelisahau."

Nikaanza kushukuru. Akanikabidhi karatasi.

"Lakini kanuni ni kanuni. Siku tatu nyumbani."

Ilikuwa fomu yangu. Mistari imenyooka vizuri sana. Chini kuna nafasi ya sahihi ya mzazi, na mama amekataa kutia sahihi mpaka amalize kucheka.

Bado hajamaliza.