Jino la Mpiga Tarumbeta

Jumatatu, 24 Mei 1954

Manyunyu tangu alfajiri. Viatu bado vina tope la Mwika. Moyo nao umelowa.

Jana nilikwenda huko kijijini kumwona Mzee Elimringi, baba yake Eunike, nikakaa naye hadi nikapata ujasiri wa kutaja posa. Hakukasirika. Alifungua mdomo akanionyesha jino la mbele la juu, jeusi, limetoboka kwa nyuma. Linamtesa tangu Pasaka. Zahanati wanataka kuling'oa, naye hataki katu, kwa sababu yeye ndiye tarumbeta ya kwanza kanisani, na bila jino la mbele pumzi yote inavuja. Akasema: si wewe ni daktari wa meno huko Moshi? Basi nitibu kabla ya Pentekoste. Nikiweza kupiga siku hiyo, lete pombe ya mbege tuzungumze posa.

Hapo pana tatizo dogo. Kwa Daktari Pinto mimi nachemsha vyombo na kumwaga ndoo ya mate. Mwika wananijua kama daktari kwa kuwa ndivyo nilivyowaambia. Lakini nachemsha vizuri sana! Nikamjibu mzee kwamba hiyo ni kazi ndogo.

Jumanne, 25 Mei

Nimemchungulia Daktari siku nzima. Kumbe jino lililokufa si lazima ling'olewe. Anapitisha sindano nyembamba ndani ya mzizi, anakwangua uozo, anaziba. Siri yote ni urefu. Sindano ikiishia njiani, uozo unabaki. Ikipita ncha ya mzizi, inachoma nyama ya ndani, na mgonjwa ataugulia siku nyingi baada ya kutibiwa. Kwa hiyo kwanza jino linapigwa eksirei, picha inapimwa, halafu kipande cha mpira kinavishwa kwenye sindano kuonyesha mwisho wa safari.

Anayepima picha ni Khamisi, msaidizi wa Daktari. Khamisi! Anatembea na rula mfukoni mpaka msikitini. Nimemuuliza kwa ujanja: mtu asiye na eksirei angepimaje? Akajibu kwamba mtu asiye na eksirei angenyamaza akaendelea na ndoo yake. Nimekasirika hadi chakula cha jioni hakikupita.

Kumleta mzee mjini haiwezekani. Ataniona na ndoo.

Alhamisi, 27 Mei

Sikukuu ya Kupaa. Wengine wameimba, mimi nimefikiri.

Mtu mrefu ana mguu mrefu, mkono mrefu, na mara nyingi pua ndefu. Mzizi wa jino utabaki nyuma kwa nini? Mzee Elimringi huinama kila akipita mlangoni. Basi mzizi wake ni mrefu! Nimechukua urefu wa mzizi wa karani mmoja wa reli, mtu mfupi, ambao Khamisi aliutaja kwa sauti wiki iliyopita, nikauongeza kwa kadiri mzee anavyomzidi karani kimo. Hesabu ilikataa, ikakataa tena, mwishowe ikakubali. Nimeazima sindano. Daktari hajui kwamba ameniazima.

Jumamosi, 29 Mei

Lori hadi Himo, jingine la kupanda, halafu miguu. Ukungu mzito migombani, mlima hauonekani wala hauna haja ya kuonekana.

Nimemsimamisha mzee ukutani, nikampima kwa kamba toka kisigino hadi utosini. Mkewe akauliza kama natibu jino au napima jeneza. Sikumjibu, mtaalamu hajibizani. Nikamketisha kwenye kigoda, Eunike akashika beseni. Nikamwambia: baba, ukiumia inua mkono. Sindano ikazama, ikazama, mpaka mpira ukagusa jino. Mkono haukuinuka! Jicho moja lilitoa chozi, akasema ni moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Sasa niko kitandani ndipo nakumbuka: wazee wa huku walipopita jandoni waliambiwa mwanamume hatikisiki mbele ya chuma. Na sindano ni chuma. Lakini hilo halina uzito. Nimeziba vizuri kwa pamba yenye mafuta ya karafuu. Eunike alinitazama kwa namna ya pekee. Huenda ni mapenzi.

Jumapili, 30 Mei

Ushindi! Nimemngoja mzee nje ya kanisa. Shikamoo, marahaba. Nikauliza: habari za jino, baba? Akajibu: Nzuri, ila... Hapo hapo lori likapiga honi, nikakimbia.

Nzuri! Kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya waumini.

Jumatatu, 31 Mei

Sikuweza kujizuia, nimemwambia Khamisi. Sikutaja jina. Mgonjwa fulani, mahali fulani, katibiwa bila eksirei, na maumivu hana. Akauliza nimejuaje. Nikasema nilimuuliza habari, akasema nzuri. Khamisi akaketi chini kwa kicheko. Amesema hata mfiwa huulizwa habari akajibu nzuri, kisha ndipo husema ila nimefiwa. Habari yenyewe hukaa nyuma ya ile ila.

Wivu tu. Mtu wa rula hawezi kumvumilia mtu wa kamba.

Jumatano, 2 Juni

Sokoni nimekutana na Elizabeth, shangazi yake Eunike, anayeshusha ndizi kutoka Mwika. Nikamuuliza hali ya mzee. Akasema: hajambo, ila... Nikamshukuru haraka na kugeukia nyanya. Mtu akiwa hajambo, hajambo, ya nini kumchimba?

Hiyo ila niliisikia vizuri sana. Naogopa. Tangu nilale nimekuwa nikigeuka kama chapati.

Ijumaa, 4 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Asubuhi nilisikia sauti ya Eunike kwenye benchi la wagonjwa. Alikuwa amemleta baba yake, mzee amejifunika blanketi, mdomo wa juu na shavu vimevimba mpaka jicho limefumba. Hajala tangu Jumatatu, hata mtori laini wa ndizi haumezeki. Eunike aliomba baba yake aonwe na Daktari Eliufoo. Daktari Pinto akauliza, Eliufoo yupi? Nami ndipo nilipotokea mlangoni na ndoo.

Mzee alinitazama kwa jicho lililobaki wazi, kisha akaitazama ndoo.

Wakapiga picha. Mzizi wa mzee ni mfupi kuliko ule wa karani wa reli! Sindano yangu ilipita ncha kwa urefu wa punje ya mchele, ikasukuma uozo wote juu kwenye nyama. Khamisi alipima, akarudia kupima, wala hakucheka. Ningependa angecheka. Daktari amesema jino haliokoki tena, akaling'oa. Mimi nilishika ndoo. Mzee hakutoa sauti.

Nimekatazwa kugusa chombo chochote chenye ncha, hata pini. Kazi sijafukuzwa, kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka.

Jumapili, 6 Juni, Pentekoste

Nimekwenda Mwika. Sijui nilitaka kuona nini.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mzee alikuwa mahali pake, kijana kuliko wote kwa mavazi, mzee kuliko wote kwa uso. Wimbo wa kwanza akainua tarumbeta. Ukatoka upepo mtupu. Watu wakainamia vitabu vyao vya nyimbo. Akajaribu tena, upepo tena. Akampa jirani yake ile tarumbeta, akakunja mikono, akakaa hivyo hadi mwisho wa ibada. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Heri angenipiga.

Baadaye nikampelekea jani la isale. Kwetu mtu akikujia na isale kuomba radhi, humrudishi. Hakunirudisha. Alisema amenisamehe, na neno lenyewe lilitoka na mluzi kwenye pengo. Moyo ukanirukaruka! Nikataja mbege. Akasema msamaha ni wa jino, binti hayumo.

Eunike alinisindikiza hadi mwisho wa shamba. Alisema: kaka Eliufoo, ule uongo wa udaktari ningeweza kuuvumilia. Lakini baba alikuwa anakwambia anaumwa, wewe ukakimbilia lori. Nitaishije na mtu asiyengoja neno liishe? Akaniomba nisije tena, akarudi ndani. Alikuwa na jambo jingine la kusema, nadhani, ila nilikuwa nimeanza kulia kwa sauti.

Nimelia mpaka Himo. Nampenda yule binti, na sitampata.

Jumanne, 8 Juni

Nimetafakari kwa makini na kosa nimeliona. Mvua ilikuwa imelowesha kamba, na kamba iliyolowa haisemi kweli. Tena, nani aliniambia nianze na jino la mbele? Lina mzizi mmoja tu. Ukikosa, umekosa.

Juzi pale Himo, msichana aitwaye Ruth alinihurumia akanipa kikombe cha maji. Mama yake anauza chai kando ya barabara, na wakati wote mama huyo alikuwa ameshika shavu. Gego la juu. Nilimwambia asihangaike kwenda mjini, maana mimi ni daktari, nitapita Jumamosi.

Gego la juu lina mizizi mitatu. Hata nikikosea miwili, bado mmoja nitaupatia.