Mpapai Wangu Kitandani

Wenzangu wa Bagamoyo, leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimeikaribisha mwenyewe kwa kahawa.

Mnanijua. Mimi ndiye niliyekuja huku bara nikibeba mizigo ya watu begani, na leo nina duka langu la nguo hapa Dodoma, karibu kabisa na stesheni ya reli ya Mdachi. Herufi hizi nimejifunza mwenyewe juu ya magunia. (Zikipinda, laumuni wino.) Na nyuma ya duka nina mpapai. Mbegu yake nilitoka nayo huko kwetu. Mti umepita paa la nyumba. Kweli nyumba za huku ni tembe, paa lake bapa na fupi, lakini umepita.

Mapapai yake nimeyatangaza sokoni tangu yakiwa maua. "Yakiiva, njooni nyote barazani kwangu mle." Watu huitikia, "Tutakuja, bwana mkubwa," kisha hupita zao. Baraza nililijenga pana, la watu wengi. Tunalikalia mimi na buli.

Jirani yangu Bi Tatu, muuza vitumbua, aliniambia mapema, "Kaka, upepo wa kiangazi hapa hauna adabu. Utie huo mti nguzo, uufunge kamba."

Nikamjibu, "Dada, mti huu umesimama kama mwenyewe. Mimi alinifunga nani kamba?"

(Nilisema kwa sauti, wapita njia wasikie.)

Basi leo asubuhi upepo ukaja na vumbi lake jekundu. Nikasikia kitu kikilia kwacha! Kutoka nje, mpapai umevunjika kiunoni. Haukukatika, unaning'inia kwa ganda, na mapapai yake yote mabichi shingoni. Nikaupokea mikononi kama mtu aliyezimia. Sikulia. Vumbi liliniingia machoni.

Lakini akili ninayo. Zamani njiani mpagazi akivunjika mguu tulimfunga vijiti. Nikatoa kitanda changu cha kamba, nikakiweka chini ya mti, nikaulaza. Pale ulipovunjika nikaufunga vijiti. Kisha nikachukua kitambaa kipya cha marekani dukani, cheupe pe, nikaufunika kuanzia kileleni hadi kwenye jeraha, upepo usije ukamalizia kazi. Nikakaa chini kando ya kitanda, mkono shavuni.

Bi Tatu akachungulia juu ya ua wa miiba. Akashika kifua, akaondoka mbio. Nikajua anakwenda kutangaza kwamba alinionya.

Haukupita muda akaingia Mwalimu Hamisi wa chuo cha Kurani, taratibu, macho chini. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, ndugu yangu. Kazi ya Mungu."

"Nimepoa, mwalimu. Asubuhi hapakuwa na dalili yoyote."

"Ndivyo inavyokuwa," akasema, akaketi barazani.

Akaja Mzee Chilewa, Mgogo mwenye ng'ombe upande wa pili wa reli, pamoja na wanawe. Wakaja vibarua wa reli. Wakaja kina mama na unga vichwani, Bi Tatu mbele yao. Baraza likajaa, wengine wakakaa chini. Hakuna aliyeuliza kitu. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa waliupenda mpapai wangu kiasi hiki, na mimi nawadhania vibaya.

Furaha ikanizidi. Nikachemsha kahawa, nikagawa. Nikaanza na visa vyangu vya safari, kile cha punda na kofia ya Mzungu. Nikacheka peke yangu. Watu wakatazamana, mama mmoja akafuta machozi.

Mzee Chilewa akainuka na jembe. "Bwana, tuchimbe wapi?"

Nikaona huyu ndiye jirani, kaja kunisaidia kusimika nguzo. "Hapo hapo kando ya kitanda, mzee."

Akamtazama mwalimu. Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Hapa hapa nyumbani?"

"Pengine wapi, mwalimu? Nataka niwe napatazama kila asubuhi."

Wakachimba. Shimo likaenda chini, likaenda na urefu. Mwalimu akainua mikono, akaanza dua. Hapo nikaona wamezidisha wema.

"Inatosha, mzee," nikasema. "Nguzo zenyewe nyembamba."

Jembe likasimama hewani. "Nguzo za nini?"

Upepo ukanijibia. Ulivuma mara moja tu, marekani ikapaa hadi juu ya tembe, na papai moja bichi likachomoka, likabingirika mpaka miguuni pa mwalimu.

Mwalimu akashusha mikono yake ya dua.

"Kaka," akasema Bi Tatu, "maiti yuko wapi?"

"Maiti gani?"

"Si mmoja wa ndugu zako wa Bagamoyo? Kila siku unasema watakuja na gari la moshi. Nikasema, masikini, leo kaja mmoja, na huyo mmoja kamfia."

Yaani mmoja wenu.

Wa kwanza kushindwa alikuwa mwalimu. Ndevu zilianza kutikisika kabla ya mdomo. Mzee Chilewa alikaa ndani ya kaburi lake akacheka mpaka wanawe wakamtoa kwa mikono. Wakaomba nirudie kisa cha punda, na safari hii wakakicheka. Hakuna aliyekuwa na haraka. Bi Tatu mwenyewe akasimamia nguzo, tukauinua mpapai, tukaufunga kamba. Umeegemea nguzo zilizosimikwa kaburini, na bado sijui kama utapona.

Jioni wakachukua unga wao. "Siku ukifa wewe mwenyewe," Bi Tatu akaniambia mlangoni, "tutakubinya kwanza."

Sasa baraza limenyamaza. Vikombe sijaviosha, nimeviacha pale pale walipoviweka. Nawaombeni msinicheke. Na mkishindwa kujizuia, basi msinichekee huko mbali: gari la moshi lipo, na baraza mnajua ni pana.