Farasi Badala ya Fisi

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Marselino kabandika tangazo kwenye banda lake la video: Jumamosi saa kumi jioni, Mlango wa Fisi, filamu mpya kutoka Dar. Mwakitolyo nzima imepagawa. Kitabu chenyewe tumekisoma wote shuleni, na wazazi wetu kabla yetu. Leo kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu watu wazima, vumbi mpaka kwenye kope, wanabishana nani ataigiza Kabula, yule mtoto anayepanda fisi kwenda nchi ya chini ya ardhi kumtafuta mama yake.

Wenzangu wanaogopa filamu itakiharibu kitabu. Mimi naomba ikiharibu kweli!

Sababu ni hii. Kitabuni Kabula anampata mama yake, lakini mama haruhusiwi kurudi juu. Mlango unafungwa. Basi. Ila nikimsomea binti yangu Limi, mwenye miaka minane, mama anapanda mgongoni kwa fisi na kufika nyumbani ugali haujapoa. Kusoma anajua, lakini hiki anataka nimsomee mimi. Na nakiweka juu ya kabati.

Limi hajui kuwa mke wangu Asteria amefariki. Tulipozika yeye alikuwa kwa bibi yake Kishapu. Aliporudi kauliza mama yuko wapi, neno likanitoka: kaenda Nyarugusu kupikia wachimbaji, atarudi. Nikahamia naye huku, mbali na ndugu wenye midomo. Miaka minne sasa, hajagundua. Najisifu mwenyewe, maana hakuna wa kunisifu.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa kwanza. Nimemfuata Marselino, nikamwambia kindugu: watu wa hapa unawajua, fisi ni usafiri wa wachawi, ukionyesha mtoto juu ya fisi dhahabu itakimbia mashimoni na lawama zitakuwa zako. Kanisikiliza. Kanishukuru sana. Jioni napita, tangazo limeongezwa maneno kwa rangi nyekundu: INA UCHAWI KWELIKWELI. Watu wanagombania nafasi. Mshenzi yule!

Ila kanipa habari njema. Eti kwenye filamu fisi wamemtoa, wameweka farasi. Farasi! Kazini watu walitaka kulia. Mmoja kauliza farasi kaonekana lini Usukumani. Mimi moyo umetulia tuli. Aliyethubutu kumtoa fisi atashindwaje kubadilisha mwisho?

Jumamosi, 8 Juni

Naandika na nundu kichwani.

Filamu ni aibu. Kabula kavaa jinzi. Anaimba! Farasi anaimba! Nusu ya banda wanazomea, nusu wanafuta machozi, na wengine wanafanya yote mawili. Mwalimu Salome, anayemfundisha Limi, kasema farasi ni upuuzi mtupu, lakini nyumba ya Kabula ni ileile aliyokuwa akiiona kichwani utotoni. Kajifuta macho kwa khanga.

Mpango wa pili ulikuwa kukaa karibu na jenereta, mwisho ukikaribia nizime. Mpango safi kabisa! Sasa akatokea yule mwigizaji wa mama, kule chini gizani, anamsuka bintiye nywele. Anashika kitana kwa mkono wa kushoto. Asteria alikuwa hivyohivyo. Nikasahau jenereta, nikasahau na jina langu. Nakuja kushtuka, mlango unafungwa. Nikachomoka, nikajikwaa kwenye waya, nikapiga kichwa ukutani. Jenereta likaendelea kunguruma.

Wamebadilisha kila kitu, mwisho wameuacha! Washenzi!

Limi kasimama juu ya benchi akipiga kelele kwamba wamekosea, mama anarudi, kitabuni anarudi, baba yake kamsomea. Banda zima likacheka. Mwalimu Salome kamwambia taratibu kuwa hapana, kitabuni ndivyo ilivyo. Limi kanigeukia mimi. Nikasema mtoto yuko sahihi, hawa watu wa Dar wameharibu. Nani angesema vingine mbele ya macho yale?

Jumapili, 9 Juni

Limi anataka kitabu akawaonyeshe shuleni. Nimechana ukurasa wa mwisho, nikamwambia umeliwa na mbuzi wa jirani. Katoka mbio kwenda kumgombeza mbuzi. Karudi na mwenye mbuzi, anayesema mbuzi wake alichinjwa tangu Pasaka. Nikasema basi ni mbuzi mwingine.

Jumatatu, 10 Juni

Sikufikiria kama Mwalimu Salome ana nakala yake. Kampa Limi asome mwenyewe mbele ya darasa. Kasoma mpaka nukta ya mwisho, akarudi kukaa.

Mwalimu kanifuata nyumbani kunieleza, maana kaona mtoto hayuko sawa. Nilitaka kumdanganya na yeye, nikashindwa. Nimemwambia yote. Kisha kasema, Baba Limi, njia ya mwongo ni fupi. Mwambie mtoto, akilia alie mikononi mwako. Nimelia kama mtoto mbele ya mwalimu wa watu. Nimeapa kumwambia.

Limi hajala. Kaniuliza, kwa hiyo harudi? Nikauliza nani. Mama wa Kabula yeye humwita mama. Wa kwake humwita mayu, alivyofundishwa na bibi yake. Kasema, mayu.

Nikasema ngoja niangalie kama nimefungia kuku. Nikatoka nje. Sina kuku.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia! Yaani, nilianza. Nilimkalisha, nikamshika mikono, nikasema Limi mwanangu, kuna jambo. Mdomo ukaanza kumtetemeka. Hapo akili ikafanya kazi. Nikasema, kuna kitabu cha pili! Hakijafika shule za huku, ndiyo maana mwalimu hakijui. Humo mlango unafunguliwa tena na mama anarudi. Nimeshakiagiza. Katulia palepale. Kala ugali wote na mlenda, kaomba wa kuongeza. Mwalimu ni mtu mwema, ila mambo ya malezi hayajui.

Tatizo dogo: kitabu cha pili hakipo. Nimenunua daftari kubwa, naandika mwenyewe wakati Limi yuko uani anaosha vyombo. Nimefika pale mama anapotokeza kichwa juu ya ardhi. Kazi si ngumu kihivyo. Nashangaa waandishi wanaringa nini.

Sasa hivi Limi kaniita kutoka uani. Anauliza kama humo mama anarudi amevaa gauni la kijani, kama lile la mayu. Nimemjibu ndiyo, ndilo hilo. Asteria tulimzika nalo. Nimeandika la kijani, lenye vifungo mbele.