Malalamiko Rasmi Kuhusu Gari Langu Kupona

Kwa Dada Mkubwa,
Mkuu wa ukoo uliobaki,
Nyumbani kwako.

Shikamoo Dada.

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe na shemeji na huyo bibi harusi wetu mtarajiwa. Huku kwangu wote ni wazima isipokuwa mimi, na sababu ya mimi kutokuwa mzima ndiyo ninayokuandikia.

YAH: RUFAA DHIDI YA AMRI ULIYOITOA KWA SIMU

Dada, juzi ulinipigia simu ukasema kwamba kwenye harusi ya binti yako wajomba wawili watamsindikiza bibi harusi, mmoja kulia na mmoja kushoto, na kwamba mimi na mdogo wetu tuje pamoja, ndani ya gari moja, tukiwa tunazungumza, ama tusije kabisa. Nilipofungua mdomo ukakata simu. Tangu wazazi wetu watutoke, wewe ndiye baba na wewe ndiye mama, kwa hiyo sina mahakama nyingine ya kukimbilia. Nakata rufaa kwako wewe, dhidi yako wewe, kwa heshima zote, nikitumaini kwamba utajisikiliza.

Kwanza nikukumbushe kiini cha ugomvi, maana najua mdogo wetu amekusimulia kwa namna yake. Siku ya harusi yake alivaa suti niliyoishona mimi kaka yake, fundi cherehani mwenye kibanda chake na wateja wake wanaojiheshimu. Mkewe alipokwisha kupanda gari la maharusi, gari likatoa kamlio fulani. Bwana harusi mwingine yeyote angemwachia dereva. Yeye, kwa kuwa ni fundi magari na hawezi kusikia injini ikikohoa akanyamaza, akachuchumaa achungulie chini, na suruali ikapasuka nyuma kuanzia kiunoni hadi inakojua yenyewe, mbele ya wakwe. Akatangaza kwamba kaka yake kamshonea gunia. Nami nikamjibu, kwa sauti iliyomfikia hata mpiga ngoma, kwamba gunia halina kosa, kosa ni la viazi.

Tangu siku hiyo hatusemezani. Naomba iingie kwenye kumbukumbu za rufaa hii kwamba siku ya kupimwa alikuwa amevuta tumbo ndani. Futikamba yangu haina uwezo wa kupima tumbo lililofichwa.

Sasa nije kwenye gari. Nilichoka kubeba majora ya vitambaa begani kama kuli, nikasema na mimi ninunue kagari kakuukuu kwa bei ya kutupa, nikakarabati kidogo kidogo, kawe ka kuendea kazini kila siku. Dalali akanipeleka kwa mwalimu mmoja mstaafu. Akaniapia kwamba gari lile halijawahi kukimbizwa, na kweli, maana kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma na hawakuonekana kuwa na haraka. Mwili wake ni mweupe, mlango mmoja ni wa buluu kwa sababu ulitoka kwenye gari jingine. Lilifika nyumbani likisukumwa na majirani. Mke wangu alilizunguka mara moja, akaniambia kwa upole, "Baba watoto, hapa umenunua banda la kuku lenye usukani." Kisha akaingia ndani, na bila kunishirikisha akampigia simu mdogo wetu.

Hapo ndipo makosa yake yanapoanza. Nayaorodhesha.

1. Kumruka mwenye mali. Alikuja Jumamosi na kisanduku cha vifaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na shati safi, tayari kukataa salamu yake. Hakunipa nafasi. Alinipita kama nguzo, akafungua boneti, akainamisha kichwa na kuliambia gari, "Pole sana, mama. Nani kakufanyia hivi?" Unaelewa, Dada, lilivyo jambo zito kujiandaa kukataa salamu halafu usipewe.

2. Kunisema kupitia gari. Kuanzia hapo hakusema nami neno hata moja, bali alisema na gari, nami nikiwa nimesimama pale pale. "Mama, muulize huyo bwana wako nani alimwambia atie maji ya bomba kwenye betri." "Mama, mwambie anayekumiliki kwamba hii si kabureta tena, hiki ni kiota." Sikuwa na la kufanya ila kujitetea kwa njia hiyo hiyo. Niliegemea dirishani nikauambia usukani, "Gari, mwambie fundi wako kwamba maji ya bomba niliyakuta humo." Yeye akaliambia, "Mama, mwambie nimesikia." Tuliendelea hivyo Jumamosi moja hadi nyingine. Gari lenyewe halikuongeza neno wala kupunguza, na nalisifu kwa hilo, kwa kuwa ni wachache katika ukoo wetu wanaoweza kupeleka ujumbe ukafika ulivyo.

3. Kuambukiza nyumba yangu. Watoto walikuwa wakikaa kwenye ngazi wakitutazama. Sasa mkubwa akishiba anasema, "Sahani, mwambie mama imetosha." Wa pili akitumwa dukani anaviambia viatu vyake kwamba vinaonewa. Na mke wangu, mwanamke uliyemsifu wewe mwenyewe kwa busara, jana aliinua mfuniko akasema, "Sufuria, mwambie mwenye nyumba kwamba mkaa umekwisha na yeye anaandika barua." Nimekuwa mtu wa kusemwa na vyombo ndani ya nyumba yangu.

4. Kulirubuni gari. Mimi ndiye ninayelifunika turubai usiku. Mimi ndiye niliyetoa manyoya ya kuku kwenye kiti cha nyuma, unyoya mmoja mmoja, na kukishonea kava jipya la kitambaa cha kitani ambacho mteja aliniachia. Lakini nikipiga stata mimi, linakohoa, linanung'unika, linanyamaza. Akija yeye na mikono yake ya oili, akiligonga kidogo ubavuni na kusema "Haya mama," linawaka papo hapo. Hata mbwa wa jirani anajua anayemlisha. Naomba suala hili litazamwe kama kuingilia ndoa ya mtu.

5. Hili nimelifuta. Lilihusu ukubwa wa vipande vya nyama anavyopakuliwa mdogo wetu kila Jumamosi. Mke wangu amelisoma kabla wino haujakauka.

6. Ovaroli. Siku moja alivua ovaroli yake iliyochanika mapajani, akaitundika kwenye kioo cha gari upande wangu, akasema, "Mama, kama unamfahamu fundi cherehani wa maana hapa mtaani, mwulize kama anaweza kitu hiki." Sikumjibu yeye wala gari. Niliichukua kwa ncha za vidole, nikaipeleka kwenye mashine, nikaitia kiraka kwa ndani, nikapiga mshono juu ya mshono, nikairudisha kwenye kioo. Aliivaa. Halafu, Dada, mtu huyu akaja hadi mbele yangu, akanigeuzia mgongo, akachuchumaa. Akasimama. Akachuchumaa tena, safari hii taratibu na kwa muda mrefu, huku akijifanya anatazama tairi. Mimi nilikuwa nautazama mshono. Aliposimama aliliambia gari, "Hii imeshika." Neno hilo nimelitafakari tangu siku hiyo na bado sijui kama ni tusi au ni nini.

7. Kulitengeneza gari likapona. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Wewe unawajua mafundi magari. Mtu akikabidhi gari kwao amekabidhi maisha. Fundi husema kesho asubuhi, na kesho asubuhi hubakia kakitu kadogo tu. Akimaliza breki anasikia mlio kwenye gia, akimaliza gia anaona silensa imelegea. Kila mtu mtaani kwangu ana gari la namna hiyo na fundi wa namna hiyo, na urafiki wao hudumu mpaka watoto wanaoana. Mimi niliponunua gari bovu kiasi kile nilikuwa na haki ya kutegemea matatizo ya miaka mingi. Nilijua rejeta inavuja. Nilijua klachi inateleza. Nilikuwa na imani kubwa na gasketi.

Yeye akalimaliza. Jumamosi iliyopita alifunga boneti, akafuta mikono, akakusanya spana zake zote, hata ile ndogo anayoisahau kila mara na kuirudia Jumatatu. Akaweka kiganja juu ya paa akasema, "Haya mama, umepona. Ukae salama." Akanipita mlangoni akaenda zake. Hakusema atarudi kuangalia lolote, na hakuna la kuangalia.

Sasa gari linawaka asubuhi kwa mguso mmoja. Halitetemeki, halitoi moshi, waipa zinafuta, hata taa ya ndani inawaka mlango ukifunguliwa, jambo ambalo sikuliomba. Naingia ndani yake na majora yangu na sina la kumlaumu mtu. Jumamosi hii watoto walikaa kwenye ngazi wakitazama geti mpaka chai ikapoa. Mke wangu alipika kama kawaida, akakitazama kile kipande kikubwa, akakirudisha sufuriani. Mimi nilitoka nikafungua boneti nikasimama pale, maana mtu lazima asimame mahali. Nililiambia gari maneno mawili matatu. Lakini gari lililopona halina wa kumpelekea. Nilifadhaika, Dada, nakwambia ukweli, nilifadhaika kuliko siku ile ya suruali.

KWA HIYO NAOMBA YAFUATAYO:

(a) Mdogo wetu aamriwe kurudisha ule mlio uliokuwa kwenye gia ya tatu, au mwingine unaolingana nao kwa uzito.

(b) Akishindwa, tuje harusini kila mtu kivyake. Ukishikilia tuje gari moja, yeye akae kwenye buti pamoja na jeki, mahali alipopazoea.

(c) Ukishikilia pia kwamba tumsindikize bibi harusi sote wawili, basi gari liruhusiwe kuingia ukumbini, litembee katikati yetu nyuma ya bibi harusi, ili kukiwa na jambo la kuambizana kuwe na wa kulipokea. Nitalipamba mwenyewe. Kitambaa cheupe ninacho.

(d) Yote yakishindikana, siji. Yeye akija, mimi siji. Asipokuja, mimi pia siji, kwa sababu siwezi kumsindikiza mpwa wangu kwa upande mmoja tu, akaingia ukumbini amepinda.

Huu ndio msimamo wangu na hautabadilika. Nimeuandika nikiwa na akili timamu, mbele ya mke wangu, ambaye anacheka, lakini hilo lisihesabiwe.

Nisalimie shemeji, mwambie suti yake nitaipunguza mikono. Nisalimie bibi harusi, mwambie mjomba anampenda na asisikilize ya watu. Nisalimie majirani zako wote, hasa yule mama wa ghorofa ya juu aliyeiona suruali ikipasuka na hajaacha kusimulia; mwambie namwona.

Wako mtiifu katika mambo mengine yote,

Mdogo wako wa kwanza,
Fundi Cherehani.

Tanbihi: Dada, nilikuwa nimekwisha kuibandika bahasha nikaifungua tena. Nilipotaka kuondoka kuipeleka, niliingiza mkono chini ya kiti cha dereva kutafuta kitambaa cha kufutia kioo. Nikakuta mfuko, na ndani yake ile suruali. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri, na nyuma bado imepasuka vile vile. Aliiweka humo Jumamosi ile ya mwisho kabla ya kufunga boneti, na hakusema lolote, hata kwa gari.

Nimeishona. Nimepiga mshono mara tatu kwa uzi wa kushonea viatu, na kiunoni nimeiongeza, safari hii kwa kufuata tumbo lenyewe na si maelezo ya mwenye tumbo. Hata achungulie chini ya lori, haipasuki.

Kwa hiyo futa (a), (b), (c) na (d). Tuwekee nafasi ya gari moja, jeupe, mlango wa buluu. Na tafadhali, ukimaliza kusoma mpigie simu mdogo wetu umwambie gari la kaka yake limegoma kabisa na aje Jumamosi mapema. Si uongo, haliwaki. Nimechomoa waya wa koili nikautia mfukoni mwa suruali yake. Atafungua boneti na ataona mara moja kitu gani hakipo. Amwulize mama yake huyo mpaka achoke, gari halijui waya uliko. Itabidi aniulize mimi.