Mama Watatu wa Fundi Viatu

Jumatatu, 4 Mei
Nagombea udiwani! Mpinzani ni fundi bomba wa mtaa wa pili, mtu asiyejua hata kuhutubia. Nimenakili orodha ya wapiga kura iliyobandikwa ofisi ya kata. Majina 640, mkono umekufa ganzi. Nimeyagawa kwa jina la ukoo: watu wa bonde penseli nyekundu, wa milimani bluu, wa kisiwani kijani. Mke wangu kachungulia, kauliza mbona yeye ni bluu. Eti hilo ni jina langu tu, yeye wa kisiwani. Na nusu ya mtaa wamechanganyika hivyo hivyo. Nimemwambia asinivurugie hesabu.

Jumatano, 6 Mei
Mkakati: kila kundi lipate mtoto wake. Asubuhi, nikishona viatu vya watu wa bonde, nimesema mama yangu ni wa kwao. (Kweli tupu.) Mchana, mama akawa wa milimani. Huko ningetosheka na baba, ambaye kweli ni wa kwao, lakini mama ana uzito zaidi. Jioni akawa wa kisiwani. Nimeitwa mwanetu mara tatu! Fundi bomba nimemwona kalala chini ya sinki la mtu, miguu nje. Huyo kwisha.

Ijumaa, 8 Mei
Balaa. Wazee wa pande zote tatu wamekuja kwa pamoja kumjulia hali dada yao. Mama alikuwa uani anaanika nguo. Akawaambia yeye ni wa bonde, na hakuwahi kusaidiwa na mtu kunizaa. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka. Aliniuliza kama namwonea haya. Nimejichukia.

Jumapili, 10 Mei
Nimejipigia kura. Mama kaenda kituoni peke yake, hakutaka nimshike mkono.

Jumatatu, 11 Mei
Fundi bomba 583. Mimi 2! Mke wangu kakiri waziwazi kampa fundi bomba. Sinki letu halivuji tangu Alhamisi. Sasa ya pili ya nani? Mama alikuwa anapakua, hakugeuka. Alisema nile, chakula kinapoa. Nimelia juu ya sahani, nimemwomba radhi, kanifuta uso kwa kanga yake.

Halafu nikaitazama orodha. Kura ya Mama, nyekundu. Yangu, bluu, kwa upande wa baba. Kumbe bonde na milima wananiunga mkono sawasawa! Kimebaki kisiwa tu. Nimechonga penseli ya kijani, nikamwita mke wangu.