Marehemu Anakunywa Chai Kisumu Ndogo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi ulifunge. Ikiwa umeshaanza kusoma, basi usimwambie mtu hata neno moja. Hasa mtu wa ofisini. Hasa Derrick. Mimi ni karani tu. Nina diploma, nina vidonda vya tumbo, na mkataba wangu unaisha tarehe 30.

Kampuni yetu iko Kawangware, juu ya kinu cha unga. Tumejenga mtaa ndani ya mtandao. Mtu anauingia kwa simu yake, au kwa ile miwani kubwa inayofunika macho, akatembea barabarani humo huku ameketi kwake kitandani. Kampuni zitakodi maduka. Watangazaji watatengeneza vipindi. Ndivyo tunavyotumaini. Kwa sasa kuna maduka arobaini, yote yamefungwa, na mbwa mmoja aliyewekwa na Derrick, fundi wetu wa michoro. Hata mbwa anaonekana amechoka kungoja.

Leo Madam Celine, mwenye kampuni, alituita. Wageni wa biashara wanakuja Alhamisi. Atakayewapa sababu ya kukodi atapewa ajira ya kudumu, mwingine ataenda zake mwisho wa mwezi. Aliposema "atakayewapa" alimtazama Derrick. Aliposema "mwingine" alinitazama mimi.

Derrick anajenga klabu ya densi. Bila shaka.

Saa tisa, nikiwa chooni, nilipata wazo. Matanga! Nusu ya Kibera ina ndugu Doha na Jeddah ambao hawawezi kuja kuzika. Tuwaletee matanga ndani ya simu. Na penye matanga pana majeneza, mahema, viti, vyakula, kwaya. Maduka arobaini hayatatosha.

Jumanne, 9 Septemba

Nahitaji marehemu.

Ili mtu aingizwe mtaani ni lazima apigwe picha mia mbili, pande zote, bila kutikisika. Kompyuta inaziunganisha na kumtoa mtu mzima. Ofisini tunamwita pacha. Niliwalaza majirani watatu. Wawili walicheka, wa tatu alilala kweli na kukoroma. Kisha nikamkumbuka Mzee Okello, fundi wa saa pale Kisumu Ndogo, Kibera, anayeweza kushika kibano saa nzima bila mkono kutetemeka.

Niliogopa kumwambia ukweli. Nilisema ni tangazo la godoro. Aliuliza kwa nini mtu alale na suti. Nikasema ni godoro la wakubwa. Aliuliza mbona mikono iwekwe juu ya tumbo. Nikasema ndivyo wakubwa wanavyolala. Alitia sahihi kwenye fomu, ambayo nilimsomea kwa kasi.

Kabla hajafumba macho alinisimulia habari zake. Miaka thelathini na miwili Kibera, katika chumba cha mtu. Lakini kule kijijini kwao Rarieda ana boma lake na lango lake, na mahali pake palishachaguliwa, kando ya kaburi la mkewe.

"Hapa nimepanga tu, kijana," alisema. "Kwangu ni kule."

Nilimwomba asiongee. Picha zingeharibika.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeandika ratiba ya mazishi. Derrick alichungulia begani kwangu akasema, bro, weka jina la kubuni. Wivu mtupu. Karani haandiki habari za kubuni. Niliweka majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, boma, jina la binti yake Trizah na la ndugu yake Oluoch. Kwenye sababu ya kifo nilisita. Mwishowe niliandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Kila mtu anaandikiwa hivyo, kwa hiyo si uongo hasa.

Alhamisi, 11 Septemba

Ushindi! 

Wageni walivaa miwani wakaingia kwenye matanga yangu. Mahema meupe, kwaya, jenereta ikinguruma, kitabu cha rambirambi unachotia sahihi kwa kidole. Jeneza liliposhushwa kaburini, mama mmoja wa kampuni ya mahema alivua miwani akajifuta macho. Mwenye majeneza kutoka Riruta alitaka maduka mawili karibu na lango. Kabiru, yule kijana mwenye chaneli ya mtandaoni, alirusha yote moja kwa moja na kusema kwamba huu ndio mustakabali. Hakusema kwamba ni maonyesho tu. Nami sikumkumbusha, kwa kuwa watazamaji walikuwa wanaongezeka.

Madam Celine alinipa mkono. Klabu ya Derrick haikuingiwa na mtu. Alikaa pembeni bila kugusa sambusa yake. Niliila mimi.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa mbili asubuhi aliingia mwanamke mwenye beseni la omena, dagaa wa kuuza. Akaliweka juu ya meza yangu, juu ya faili.

"Wewe ndiye karani? Mimi ni Trizah. Baba yangu yuko Kisumu Ndogo anakunywa chai. Nyumbani wanamlilia tangu jana. Sasa nikupige wewe, ama nianze na huyo wa kamera?"

Nilimwambia aketi. Alikataa.

Inaonekana chaneli ya Kabiru inafika Rarieda. Kule wameona jeneza likishushwa na majina yote matatu. Wanaamini Mzee amekufa na kwamba watu wa Nairobi wamemzika kwa siri katika udongo wa wageni. Mzee alimpigia simu ndugu yake Oluoch. Oluoch akamjibu kwamba siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu yeyote, na kwamba mwizi wa simu ya marehemu ataona cha kuona. Mzee akapiga simu ya video. Wakatazamana naye kidogo, kisha shemeji mmoja akasema ndiye yuleyule mwanasesere wa jana, ila leo wamemfumbua macho.

Trizah alisema baba yake hajala. Kwamba akitolewa kwao akiwa hai, hana kwingine.

Nilimwahidi kwamba nitarekebisha. Sikumwambia Madam.

Jumamosi, 13 Septemba

Wazo langu lilikuwa hili: waliomwona akifa mtaani, wamwone mtaani akifufuka.

Derrick alikataa kunisaidia. Alisema kuna mambo hayachezewi. Basi nilifanya mwenyewe. Nikamwinua pacha jenezani, nikamketisha, nikampa maneno: "Ndugu zangu, mimi ni mzima, acheni kulia." Kabiru alirusha saa kumi jioni bila hata kuniuliza swali.

Kasoro zilikuwa mbili. Macho hayakufunguka, kwa kuwa tulimpiga picha akiwa ameyafumba. Na sauti ilikuwa yangu. Rarieda yote ilimwona marehemu akikaa jenezani macho yamefumbwa, akiongea Kiswahili cha Mkamba wa Kitui, yeye aliye Mjaluo.

Trizah alipiga simu. Kwamba wanawake wawili wamezirai. Kwamba wazee wamekata shauri kumzika upesi, kabla hajaamka tena. Mwili hawana, kwa hiyo kesho watazika mgomba uliovishwa koti lake, kama inavyofanywa kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana.

Niliuliza kama wanaweza kungoja hadi Jumatatu, siku ya kazi. Alikata simu.

Jumatatu, 15 Septemba

Mzee Okello amepanda basi la usiku pamoja na Trizah, kwenda kuonekana kwa macho. Nilimwandikia barua. "Kwa yeyote anayehusika: hii ni kuthibitisha kwamba aliyebeba barua hii yu hai hadi tarehe iliyotajwa hapo juu." Nilipiga muhuri wa kampuni mara mbili. Niliituma kwa mkono wa jirani, kwani sikuweza kumtazama usoni. Nasikia aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akafungia ndani yake kibano chake cha saa.

Ijumaa, 19 Septemba

Wamerudi. Trizah alinikuta kwenye kibanda cha chai, akanieleza yote akiwa amesimama, bila kupaza sauti. Afadhali angenipigia kelele.

Walikuta kaburi limeshafukiwa, msalaba una jina lake. Wazee walimshika mikono, wakamshika uso, wakaamini. Oluoch alilia kama mtoto. Lakini aliyekwisha kuliliwa hapiti langoni, walisema. Wakakata ua nyuma ya boma, akaingia akiwa ameinama, kwenye boma alilolijenga mwenyewe. Alipouliza kuhusu mahali pake kando ya mkewe, walimwonyesha lile kaburi jipya. Kisha mzee mmoja akasema mtu ana kaburi moja tu, na lake limeshajaa. Hakuna atakayekubali kumchimbia la pili.

Alilala siku mbili kwenye kiti. Siku ya tatu akaomba nauli ya kurudi Kibera.

Alasiri Madam aliniita. Mwenye majeneza ameongeza maduka yawe matano. Video ya ufufuo imetazamwa sana. Kwa hiyo kampuni inafungua Kitengo cha Matanga. Atakiongoza Derrick, kwa sababu ndiye aliyekuja na wazo la kutumia majina ya kubuni. Mimi nimalizie mwezi nyumbani.

Jumapili, 21 Septemba

Sikulala. Nilihamia Riruta kwa shangazi Kaluki, ambaye anadhani niko likizo. Lakini leo nilijikaza nikaenda Kisumu Ndogo kumwomba Mzee Okello radhi.

Alikuwa mezani pake, saa imefunguliwa mbele yake, hagusi kitu. Nilisema niliyokuwa nimeyakariri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, ulinipa kifo bila kuniuliza," alisema. "Haya. Sasa nipe pa kukiweka."

Na hapo ndipo lilipoingia. Wazo! Nikashangaa sikuliona mapema. Nyuma ya yale maduka arobaini kuna ardhi tupu, ekari na ekari, na nywila yangu bado haijafutwa. Nilitoa simu palepale, nikamkatia kiwanja. Nikaweka lango, ua, mti wa kivuli. Nikamwonyesha. Nilimweleza kwamba huko hakuna wazee wa kumkataza, na kwamba mkewe tunaweza kumhamishia karibu, akiwa na picha yake hata moja.

Aliisogeza simu karibu na macho. Akauliza udongo wake ni wa wapi. Nikasema kiwanja hakina udongo, ndiyo maana hakijai.

Alinirudishia simu. Akaanza kurudisha vipande vya saa ndani ya saa, kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza niliuona mkono wake ukitetemeka. Hakusema tena neno. Nimelichukua hilo kuwa ni kukubali.

Mji huu una maelfu ya watu wasio na pa kuzikwa. Nimeshachora ramani ya viwanja mia moja na ishirini. Wewe uliyeokota daftari hili, kama unakihitaji kimoja, usiende Kawangware wala usimuulize Derrick. Njoo Riruta, pita saluni ya buluu, hesabu milango mitatu mkono wa kushoto, gonga polepole, sema umekuja kwa Mbithi kuhusu kiwanja. Njoo baada ya saa kumi na moja, shangazi akiwa kanisani. Beba kitambulisho. Ukimwona nje mwanamke mwenye beseni la omena, pita tu kama mpita njia, uje kesho.