Tsedeniya na Mlaji wa Kumi na Moja

Futeni mikono, enyi mlioshiba, msogee karibu. Nanyi wenye njaa, jikazeni, kwani habari hii inawahusu zaidi. Hii ndiyo habari ya vita vya bwalo la shule ya bweni ya Debre Birhan, mji wa baridi ing'atayo masikio, na ya Tsedeniya binti Alemayehu, Nguzo ya Klabu ya Kompyuta, Mvaaji wa Soksi Mbilimbili, aliyeipigania shiro ya watu mia nne, mchuzi wao wa dengu.

Katika enzi za giza, yaani hadi Jumanne, programu ya kadi za chakula ilimtuma mjumbe mmoja kwa seva, kompyuta kuu, kuuliza, "Huyu amekwisha kula?" Mjumbe akasimama kizingitini hadi jibu litoke, na madirisha yote manne ya bwalo yakaganda yakimngoja. Ndipo Tsedeniya akaleta maktaba mpya ya msimbo, yaani fungu la amri za kompyuta zilizoandikwa tayari, ambayo mjumbe wake huacha swali, huenda kuwahudumia wengine, kisha huitwa jibu likiiva. Njia za kwenda kwa seva zilikuwa kumi. Aliijaribu na wanaklabu wote, mashujaa wanane, nayo ikaruka kama swala.

Ikafika Jumatano, siku ya mfungo isiyoliwa nyama, kuku wa shule wakitembea kifua mbele bila hofu. Saa sita na nusu majeshi yakajipanga. Watu kumi wakapita kwa shangwe. Wa kumi na moja, Robel Mla-kwa-Mikono-Miwili, akagusisha kadi yake, na skrini ikaandika: *Subiri*. Akasubiri. Madirisha yote yakanyamaza.

"Tsedi wee, hii mashine yako imefunga hadi Pasaka?" akapaza sauti Robel.

"Tulia, bwana! Inafikiri."

"Inafikiria nini? Mimi nimekonda hivi, inadhani nimekula mara mbili?"

Hapo akatokea Gashe Zerihun, yaani Mzee Zerihun, makamu wa mkuu wa shule, Bwana wa Rula, na daftari kubwa kwapani. Akaketi, akaanza kuchora mistari ya kuandikia majina ya walaji.

"Binti yangu," akasema kwa upole uliotisha kuliko kelele, "karatasi haijawahi kuniambia nisubiri. Nikimaliza kuchora ukurasa huu, tunarudi kwenye daftari la kabla ya kompyuta, na chumba cha klabu kinakuwa stoo ya magodoro."

"Gashe, nakuomba, dakika tano tu!"

"Mimi sina dakika. Nina mistari arobaini."

Tsedeniya akaizima programu, akaiwasha upya. Kumi wengine wakapita! Wa kumi na moja akakwama, naye, kwa hila za majaliwa, alikuwa Robel tena, aliyekuwa amewapisha wasichana ili aonekane muungwana.

"Mistari ishirini na mitatu," akatangaza Gashe Zerihun.

Kijasho kikamtoka shujaa, huko kwenye baridi. Kumi, kisha mauti. Kumi, kisha mauti. Njia nazo ni kumi! Akaufungua msimbo wake, akausoma mstari kwa mstari, akaliona kosa limekaa kama mgeni asiyeaga: kila mjumbe alikabidhiwa njia, lakini hakuna aliyeamriwa kuirudisha. Wanaklabu wanane, wakigusisha mara moja tu kila mmoja, wasingeligundua hilo kamwe, kwani njia mbili zilibaki.

"Nani alituambia watu wanane wanatosha kujaribia?" akafoka.

"Wewe," wakajibu wanaklabu saba kwa pamoja.

Hakuwa na nafasi ya kuona haya. Aliinua kidole kama mkuki, akaandika amri moja, mstari mmoja mfupi: jibu likishapokewa, njia irudishwe. Akawasha.

"Thelathini na nane," ikasikika sauti. "Thelathini na tisa."

Kumi wakapita kwenye madirisha mengine, kisha Robel akasogea, akagusisha kadi. Skrini ikawaka kijani! Nyuma yake wa kumi na mbili akapita, wa ishirini, wa mia, madirisha manne yakinguruma kama ngoma za ushindi. Gashe Zerihun akaitazama rula yake, akaiweka mfukoni, akaenda kupanga foleni kama mtu mwingine yeyote.

Basi waandikao historia na waandike: mchana huo mlaji wa kumi na moja alikula. Akamega injera, mkate wao mwembamba, akachovya kwenye shiro, akatafuna huku mia nne wakimtazama, kisha akatamka maneno ya kwanza ya zama mpya:

"Haina chumvi."

Na hilo, jamani, si kosa la seva.